Goti Katikati ya Wimbo

“Hafai! Amesimama katikati ya wimbo!” alifoka mwalimu wa maigizo.

“Mwenzangu, bibi mfagiaji ameingia. Ulitaka amruke?” alijibu mama msaidizi wake.

Waligombana juu yangu. Hapa Tukuyu walikuwa wakitafuta vijana wa kuigiza mchezo kuhusu washindani wa kudansi, na tangu niache shule sikuwa nimetamani kitu namna ile. Zamu yangu ya kujaribiwa, nilikuwa nimenoga kweli kwa kudansi bibi alipoingia. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikainuka. Kwetu Rungwe goti la kumwamkia mkubwa halisubiri kaseti iishe.

“Na alipoinuka, alikosea mdundo?” mama aliuliza.

“Hapana, aliudaka palepale,” mwalimu alikiri. Nilikuwa naondoka, nikidhani nimeshakosa, aliponikimbilia mlangoni.

“Binti! Nafasi ni yako. Na hilo goti tunaliweka kwenye mchezo.”