Nyota za Kifuani mwa Mama

Juzi binti yangu alinionyesha nyota alizozipiga picha kwa darubini. Nikakumbuka alasiri ile jua lilipopatwa, nyumbani kwetu Chemchem. Jogoo walikuwa wakiwika, na ua mzima ulinukia asali aliyokuwa akiichuja shangazi. Mama alinipa picha yake ya eksirei nitazamie jua, kama walivyofanya majirani. Ndani ya ule weusi nikaona madoa meupe.

"Mama, una nyota kifuani!"

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi zihesabu, mwanangu."

Nikazihesabu kwa sauti. Shangazi akaacha kuchuja.

"Vipi, baba?" binti yangu aliniuliza juzi. "Hazijatoka vizuri?"

Nilimwambia zimetoka. Zile za mama zilikuwa chache, lakini zilitosha. Masika hayakumkuta hai.