Meno Niliyoyapiga Tupa

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo viganja vinanitoka jasho. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, najifunza ushonaji hapa hapa Mkolani kwa Mama Koku, mama wa Kihaya aliyehamia Mwanza na mumewe akafungua chumba cha cherehani kando ya barabara. Huu ulikuwa mwaka wangu wa pili kwake, na tayari nilishaanza kujiona fundi. Kichwa kilikuwa kimevimba, sikufichi. Wanasema mtoto akililia wembe mpe. Mimi sikupewa, niliuchukua mwenyewe.

Siku ile mezani palikuwa na gauni la harusi la satini nyeupe. Bibi harusi alikuwa wa Sengerema na misa ya ndoa ilikuwa kesho yake, Jumamosi asubuhi. Shangazi yake alivuka na kivuko cha kwanza kuja kulifuata, akakaa kwenye benchi letu, mkoba mapajani, macho kwenye saa ya ukutani. Kitambaa kilitumwa na kaka wa bibi harusi kutoka mbali, na Mwanza nzima hapakuwa na duka lenye kingine cha namna hiyo. Ilibaki mishono miwili mirefu ya ubavuni na pindo la chini. Saa tisa shangazi alitakiwa awe ameshatoka na gauni lake, la sivyo kivuko cha jioni kingemwacha, na binti wa watu angeingia kanisani na nguo ya kuazima.

Ngoja kwanza nikueleze kitu kimoja, maana nyie wa cherehani za umeme mnakanyaga tu zinakimbia, hata hamuulizi nini kinaendelea chini ya mguu. Chini ya sindano kuna meno, safu mbili, yanachungulia kwenye matundu ya sahani ya chuma. Yanapanda, yanasukuma kitambaa nyuma, yanashuka, yanarudi mbele, yanapanda tena. Mguu wa mashine unakandamiza kwa juu ili kitambaa kisiruke. Ndivyo nguo inavyotembea. Khaki haina taabu, kitenge hakina taabu. Satini ndiyo yenye maringo: juu inateleza, chini inakwaruzwa na meno, na mshono unajikunja kunja mpaka unaona aibu kumwita mwenye nguo.

Dawa ya Mama Koku ilikuwa karatasi. Zile nyembamba nyeupe zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu, alizikusanya mwaka mzima. Alikata ukanda mrefu, akautandika chini ya satini, akashona vyote pamoja. Meno yalishika karatasi, karatasi ikaibeba satini, mshono ukanyooka. Baadaye karatasi inachanwa. Sasa nani anaichana? Mimi! Nainama na pini, natoa kipande kimoja kimoja kwenye mshono wenye urefu wa mtu, shingo inaniuma, nalaani moyoni. Nikajiambia huu ni ushamba wa wazee. Kama meno yanakwaruza, si yapunguzwe makali tu?

Basi Alhamisi mchana Mama alipokwenda mazoezi ya kwaya, nikachukua bisibisi. Mwanangu, sheria ya chumba kile ilikuwa moja kubwa: mwanafunzi hafungui sahani ya cherehani bila fundi kusimama pembeni. Niliifungua. Nikachukua tupa tuliyokuwa tukinolea mikasi, nikaanza kuyasugua meno. Nilikuwa nacheka peke yangu, nawaza Mama atakavyoshangaa, atakavyosema Kabula ana akili. Safu ya kushoto niliisugua ikawa laini kama ukucha. Nilipogusa tu ya kulia, nikasikia viatu vyake nje anaongea na jirani. Nikarudisha sahani mbio mbio, nikakaza skrubu, vumbi la chuma nikalifuta kwa gauni langu.

Usiku ule nililala vizuri tu. Ujinga una usingizi mzuri.

Ijumaa Mama alikaa kwenye mashine, akatandika karatasi, akaweka satini, akaanza kukanyaga. Kitambaa kikapinda. Kwa nini kisipinde? Meno ya kulia yanavuta, ya kushoto yamelala. Akasimama, akafumua, akaanza upya. Kikapinda tena, upande ule ule.

"Kabula, mashine hii ina nini leo?"

"Sijui, Mama. Labda uzi."

Yaani mdomo ulijisemea wenyewe. Nilikuwa sijapanga kudanganya. Akabadilisha uzi. Akabadilisha sindano. Akainamisha kichwa kutazama pale kwenye mguu, lakini karatasi ilikuwa imefunika meno, hakuona kitu.

"Jana uliigusa?"

"Hapana, Mama. Nilifagia tu."

Huo wa pili niliupanga. Wa kwanza ulinitoroka, wa pili niliuchagua, na Mungu ananisikia nikisema hivyo.

"Fundi, saa saba hiyo," shangazi akasema kwenye benchi. Hakusema kwa ubaya, lakini sauti ilikuwa imekauka.

Mama hakuwa na muda tena wa kuchunguza. Akafanya jambo ambalo mwenyewe alinikataza tangu siku ya kwanza: akaanza kukivuta kitambaa kwa mikono ili kinyooke. Mkono wa kulia nyuma ya sindano, wa kushoto mbele, na kidole cha shahada cha kushoto kikasogea karibu kabisa na sindano kukaza satini. Nilisimama nyuma ya bega lake na mkasi mkononi. Niliiona sindano. Kila ikishuka ilikuwa inapindishwa pembeni kidogo na ule mvuto, kisha inaingia. Inapindishwa, inaingia. Nilijua kinachofuata. Hata wewe ungejua.

Mshono wa kwanza ukaisha, umenyooka kwa nguvu za mikono yake. Nikasema moyoni, umebaki mmoja, ukiisha huo nitamwambia. Akaanza wa pili. Nikasema ukifika kiunoni nitamwambia. Ukafika kiunoni. Nikafumbua mdomo, nakuapia nilifumbua, shangazi naye akauliza pindo litachukua muda gani, Mama akamjibu, mimi nikafumba. Nilishukuru kuulizwa kwa swali lile! Fikiria roho ya namna hiyo.

Kisha nikasikia "tak."

Miguu ya Mama ikasimama kwenye kanyagio. Hakupiga kelele. Sindano ilikuwa imeingia kwenye ukucha wa kile kidole, ikapenya nyama, ikabaki humo humo, imepinda. Mkono wa kulia ukaudaka wa kushoto kwenye kifundo ili usitetemeke, maana angetikisika kidogo tu sindano ingekatikia ndani.

"Kabula," akasema taratibu. "Shika gurudumu. Lizungushe kuja kwangu. Siyo kwenda kule, ukirudisha nyuma uzi utajifunga na sindano itakatika. Kuja kwangu."

Nikashika lile gurudumu la pembeni. Machozi yalinijaa sioni vizuri. Nikasema, "Mama, ni mimi. Mama, meno niliyapiga tupa jana. Ni mimi, nisamehe, ni mimi…"

"Zungusha kwanza."

Nikazungusha. Sindano ikashuka kwanza, mwanangu, kwa sababu ilikuwa haijafika chini, na ndiyo njia pekee ya kuitoa. Nilimsikia akivuta pumzi kwa meno. Nikaendelea, sijui nilipata wapi mkono, ikafika chini, ikaanza kupanda, polepole, ikatoka. Damu ikafuata. Shangazi aliruka kulivuta gauni, lakini tone moja lilikuwa limeshaangukia satini, pembeni mwa mshono.

Unajua Mama alifanya nini? Alifunga kidole kwa kitambaa, akaniambia nimpe uzi mweupe. Akautafuna mpaka ukaloa mate, akagusa lile tone, akabadilisha uzi, akagusa tena. Damu yako huondoka kwa mate yako, alinifundisha hivyo hata saa ile. Tone likafifia, likaisha. Ndipo akageuka kunitazama.

"Uliona nikivuta kitambaa?"

"Niliona, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Mama akasema, "Basi tupa haikunichoma. Tupa ni ujinga, na ujinga nimeshausamehe, hata mimi niliwahi kuharibu. Kilichonichoma ni wewe kusimama hapo na mkasi, unaangalia."

Angenizaba kofi ningeshukuru. Maneno yale yalinikaa kifuani miaka na miaka.

Lakini gauni lilikuwa halijaisha, na ilikuwa imekaribia saa nane. Mama akasema, "Fungua hayo meno. Nenda kwa Masanja. Usimwambie mashine imeharibika. Mwambie ulichofanya." Fundi Masanja alikuwa ng'ambo ya barabara, na yeye na Mama walikuwa hawaivi chungu kimoja kwa ajili ya kunyang'anyana wateja. Kwenda kwake kuomba, tena kuomba kwa aibu! Nilivuka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Leo Wahaya wamepungukiwa nini?"

Nikafungua kiganja, nikamwonyesha kile chuma chenye meno upande mmoja, kibogoyo upande mwingine. Nikamwambia yote, tupa, uongo, kidole. Wanafunzi wake wawili waliacha kukanyaga wakasikiliza. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Akatoa suruali aliyokuwa akishona, akafungua mashine yake mwenyewe, akang'oa meno yake akanipa. "Mwambie mama pole sana. Na hayo yako niachie hapa, hawa wangu wawe wanayaangalia." Nikashika mlango, akaniita. "Binti, kimbia."

Nikakimbia. Nikikaza zile skrubu mbili, moja ikaanguka, nikaitafuta sakafuni kwa magoti. Mama alisimama juu yangu, kidole kimefungwa, akinielekeza: panda kidogo, sasa kaza, zungusha uone kama yanachungulia sawa. Halafu akasema, "Kaa."

"Mama, mimi?"

"Sasa nani? Mkono wangu huu?"

Nikakaa. Nikafumua pale palipoharibika, nikatandika karatasi, nikaanza mshono wa ubavuni wa gauni la harusi la binti wa watu, na nilikuwa sijawahi kugusa satini ya mteja. Nikaanza kuvuta. Woga unavuta, mwanangu. Mama akanipiga kidogo begani. "Toa mkono. Acha meno yabebe, wewe onyesha njia tu." Nikalegeza. Mguu ulikuwa umekazwa mno, akaniambia nilegeze skrubu ya juu nusu mzunguko. Nikakanyaga taratibu, na kitambaa kikaanza kutembea chenyewe, kimetulia, hakijikunji. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni hasemi tena saa. Pindo nalo nikalimaliza hivyo hivyo. Karatasi nilizitoa kwa pini, kipande kimoja kimoja, na siku ile sikulaani.

Saa tisa na dakika zake shangazi alitoka mbio na gauni limefungwa. Kama alikiwahi kivuko hatukujua. Jumamosi nzima sikula. Kila nikisikia kengele ya kanisa nilikuwa nawaza binti yuko na nguo gani. Ni wiki iliyofuata ndipo shangazi alikuja na mchele wa Sengerema, akasema lilimkaa vizuri na watu waliuliza limeshonwa wapi. Nikalia mbele yake kama mtoto.

Kidole cha Mama ndicho hakikurudi. Ukucha uliota umepinda, na ncha ikafa ganzi. Kidole kile ndicho alichokuwa akipapasia kitambaa, akijua uzito wake hata amefumba macho. Tangu hapo akawa anapapasia cha kati, na mara nyingi alikosea, akafumua. Wateja walipomuuliza kimefanyaje, alijibu, "Kazi tu." Miaka kumi na mmoja niliyokaa kwake sikuwahi kumsikia akimwambia mtu kwamba ni Kabula. Alikufa hajasema. Basi mimi ndiye ninayewaambia.

Mwanangu, sikukatazi kuboresha mashine. Nakuona na simu yako unatazama watu wanavyofungua, wanavyobadilisha, na mengine ni mazuri kuliko tuliyoyajua sisi. Boresha. Ila kwanza jua kila chuma kinafanya kazi gani kabla hujakigusa, jaribu kwenye kipande cha kutupa, na uwe na mtu anayejua pembeni yako. Kinachokukera kwa mzee si lazima kiwe ushamba. Muulize kwanza kwa nini anakifanya. Kitambaa usikivute, maana ukikivuta kuna kitu chini kimeharibika na unakificha kwa nguvu. Na ukiharibu, sema. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila mimi nakuongezea: mara nyingine kifo hakimuumbui aliyeficha, kinamkuta aliyemwamini. Sema mara ya kwanza unapoulizwa, hata sauti ikitetemeka. Hasara ya kitambaa inalipika. Kidole cha mtu hakishonwi.

Nenda kazini sasa. Mungu aibariki mikono yako, akupe macho ya kuona kosa lako kabla halijamfika mwenzio, na kila uliyemshonea avae kwa furaha. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akupe mtu wa kukuambia "zungusha kwanza," kisha akusamehe. Amina, mwanangu.