Alama Ambayo Tan Hakuiweka

Tan Weiguang alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ishirini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza nyuma ya meza moja nyembamba katika ghorofa ya pili ya soko la simu la Huaqiangbei. Macho yalipofifia, kazi ya kuchomelea aliwaachia wenye macho mapya, akabaki na ile inayotaka kebo na kompyuta tu: kuzirudishia programu ya msingi simu zilizokwama. Wenzake waliiita kazi ya kungoja. Hakuwabishia.

Asubuhi ile alikuwa amefuta simu za mtumba thelathini na tano, moja baada ya nyingine, hadi mkono ukawa unakwenda wenyewe: chomeka, bonyeza, chomoa. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na kisanduku kidogo cha kuhifadhi data ya mwenye simu. Simu za mtumba hazikukihitaji. Kwa simu ya mteja, mtu alikiwekea alama ya vema kwanza, ndipo akabonyeza.

Mchana alifika mwanamke mwembamba, simu ameifunga kwenye taulo. Aliitwa Kuang Xiumei.

"Kaka, kwa lafudhi hiyo, wewe si mtu wa mkoa wa Hunan?"

"Nikifungua mdomo tu nimekamatika. Ina nini, shemeji?"

Kumbukumbu yake ilijaa, ikazimika, na sasa kila ikiwashwa iliishia kwenye nembo. Ilikuwa ya mumewe, mchimbaji wa mashimo ya misingi ya maghorofa, ambaye vumbi la mawe lilikuwa limegeuza mapafu yake kuwa jiwe. Mkataba hakuwahi kupewa. Ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi ilitaka ushahidi kwamba aliajiriwa, na ushahidi ulikuwa sauti alizotumiwa na msimamizi wake, zote zimo humo.

"Una nakala yake mahali?"

"Nakala ndiyo nini?"

Tan alijua kwamba ujumbe wa namna hiyo hukaa ndani ya simu tu. "Usihofu," alisema. "Nitarudisha programu, sauti zitabaki."

Bibi Sheng, muuza vioo vya simu wa meza ya jirani, akadakia: "Shemeji, huyu akikwambia dakika kumi, nenda kapike wali, ule, uoshe na vyombo."

"Mwenzio ana mdomo," Xiumei alisema, akacheka kidogo.

"Mdomo ndio mtaji wake," Tan alijibu, naye akicheka, na katika kicheko hicho mkono ukachomeka, ukabonyeza.

Mstari wa kuonyesha kazi inavyokwenda ulipofika theluthi kwenye kompyuta, ndipo alipokiona kisanduku. Kilikuwa kitupu, kama alivyokiacha asubuhi. Kuchomoa kebo kusingesaidia kitu, kwa maana kufuta hutangulia. Alikaa, akautazama mstari ukienda hadi mwisho.

Kioo cha simu kikawaka cheupe, kikaandika salamu, kama simu iliyotoka kiwandani.

"Imepona," Xiumei alisema, akanyoosha mikono yote miwili.

Bibi Sheng alikuwa ameona. Akamwinamia Tan sikioni: "Sema kumbukumbu ilikuwa imeshakufa. Zinakufa kila siku." Tan alikuwa amewahi kusema hivyo mara mbili maishani, na mara zote mbili aliaminiwa.

"Shemeji," alisema, "sauti hazimo. Nimezifuta mimi, kwa uzembe wangu."

"Zirudishe."

"Hazirudi."

"Hata moja?"

"Hata moja."

 Xiumei alilikunja taulo mara nne, akaliweka mezani. "Basi andika. Jina lako, namba ya kitambulisho, na kwamba ulizifuta."

Aliandika. Bibi Sheng akaleta kidau cha wino mwekundu wa kupigia alama ya kidole gumba.

"Andika pia kwamba ulizisikia kabla ya kuzifuta."

"Simu ilikuwa haiwaki, shemeji. Sikusikia kitu."

"Najua."

 Tan aliona ugumu wa kusema kweli alioushinda dakika chache zilizopita ukimrudia umegeuzwa kichwa chini, na hakuweza kuamua kama mara hii kukataa kungekuwa unyofu au woga. Akaandika kwamba alizisikia. Akachovya kidole, akakikandamiza kwenye karatasi.

"Ofisini watakuuliza msimamizi alisemaje," Xiumei alisema, akivuta kiti. "Ana kigugumizi kidogo. Huanza hivi: Mzee, kesho njoo na koleo, ile mashine imekufa. Sema."

Tan akasema.

"Polepole zaidi. Na usiseme kwa woga, unayemwiga ndiye bosi."

Akarudia.