Uso Uliobaki Gizani

Evode hakuwahi kuonja pombe. Hilo liwekwe wazi kwanza, maana mjini Gisenyi wapo ambao mpaka leo wanasema kinyume.

Alizaliwa Goma, ng'ambo ya mpaka, kwa baba mpiga picha, na wazazi waliporudi kwao wakakaa Nengo, mtaa wa Gisenyi, kazi hiyo ilikuja naye. Kwa miaka kumi na tisa alipiga filamu za harusi, shati limepigwa pasi. Kamera yake ya sinema aliinunua mtumba Kampala, na ilikuwa na masharti. Kwa fremu ishirini na tano kwa sekunde ilitoa picha kubwa, na kila fremu iliinasa mara mbili, kwa ajili ya mwanga na kwa ajili ya kivuli, kisha ikaziunganisha. Ukitaka slomo, yaani mwendo wa polepole, kwa fremu mia moja na ishirini, haikuyaweza yote hayo: picha ilipungua, kivuli kikawa cheusi tititi, na sauti haikuingia. Kwa hiyo kabla ya kila kazi Evode aliandika karatasi ya nini kitapigwa namna gani, na mwenye shughuli akatia sahihi.

Harusi ya Umuhire, binti wa mzee Ndahiro, ilisimamiwa na Igor, kaka wa bibi harusi. Hema lilikuwa ufukweni, ziwa nyuma ya viti vya wazee.

"Ile sehemu ya kutoa ng'ombe wa mahari, yote piga slomo," Igor alisema. "Wachezaji, fimbo, maziwa."

"Igor, mi nakuambia, maji kule nyuma inawaka kama kioo. Wazee watakuwa weusi, sura hautaiona."

"Nani anaangalia wazee? Watakaa tu. Bon, leta hiyo karatasi yako, we unaogopa jua kama muzungu!"

Igor alitia sahihi, na hakukosea sana. Kwa desturi baba wa binti hasemi; husemewa na msemaji.

Lakini ng'ombe walipokwisha kusifiwa, mzee Ndahiro, ambaye figo zilikuwa zimemlaza tangu Pasaka, alijiinua. Akamnyamazisha msemaji kwa mkono, akaanza kuzungumza na binti yake. Kubadili kamera kulitaka kuizima na kuiwasha upya, sekunde kumi na moja. Evode alimwona mzee akiyumba, akadhani hatafika sekunde kumi na moja. Akaacha kamera ilivyo.

Mzee alisimama dakika nne.

Alifariki baada ya siku tisa. Evode alikaa wiki nzima akiutafuta uso ule kwenye kompyuta. Kila alipoongeza mwanga, weusi uligeuka vumbi la kijivu, na ndani ya vumbi hamkuwa na mtu. Alimwambia Igor kwamba uso wa mzee haupo. Igor hakumwambia mama yake.

Siku ya kumaliza matanga filamu ikawashwa mbele ya watu wote. Ziwa lilionekana wimbi kwa wimbi. Mbele yake kivuli kilifungua mdomo polepole, bila sauti.

"Baba yenu anasema nini?" aliuliza mjane, mama Nyirabagenzi.

Waliokuwepo harusini walianza kujibu, kila mmoja na maneno yake, yasiyolingana na ya mwenzake.

"Huyu alikuwa amelewa, mama," Igor alisema. "Mi nilimuona."

"Evode, nani aliamua kupiga hivi?"

Karatasi ilikuwa mfukoni mwa shati. Evode aliigusa. Kisha akamtazama mama yule kwenye mkeka, mumewe kaburini, na mwanawe wa kwanza mbele ya ukoo mzima.

"Ni mimi, mama. Unisamehe."

Wiki hiyo harusi tatu zilimkataa. Hata vijijini, Kanama hawakumwita tena, Mudende hawakumwita. Hata kanisani watu walimsogelea kwanza ili wanuse pumzi yake. Mwezi wa pili baada ya hapo presha ilimwangusha mlangoni kwake akafa, kamera ikiwa ndani ya begi, haijawashwa tangu matanga yale.

Igor alikuja msibani na mama yake, akakaa mbele. "Fundi mzuri," alimwambia jirani, bila kushusha sauti. "Pombe tu."

Mukandori, mke wa Evode, aliinuka akaingia chumbani. Alirudi na karatasi ile ya harusi, ambayo Evode alikuwa ameihamishia kwenye begi la kamera, akaiweka magotini pa mama Nyirabagenzi. Mama alivaa miwani, akaisoma mara mbili, akakawia kwenye sahihi. Kisha akaikunja vilevile ilivyokuwa, akairudisha kwa mikono miwili.

"Igor," alisema, "simama twende. Hapa hatuwezi kukaa."

Karatasi iko kabatini kwa Mukandori. Anayetaka kuiona abishe hodi mchana, atafunguliwa.