Siku Mama Alipomsuka Saida

Juzi nilimwona mjukuu wangu akimsukuma binamu yake atoke mapajani mwa mama yake, nikaikumbuka Krismasi moja nyumbani kwetu Wete.

Tulikwishakula. Baba alikuwa anasinzia kitandani, nyumba ikinukia pilau na karafuu zilizoanikwa nje. Kuku alichinjwa na jirani yetu Mwislamu, ili Saida, binti wa nyumba ya pili, naye ale. Paja, fungu langu la kila Krismasi, mama alimpa yeye. Kisha akamkalisha baina ya magoti yake, akaanza kumsuka kwa mafuta ya nazi, akimwimbia taratibu. Mimi nilikaa mlangoni, roho ikiniuma.

Nilikuwa nimewasikia wakubwa wakisema mama yake Saida, Bi Time, ametangulia. Nikaelewa ametangulia Unguja, na kwamba Saida atapanda meli amfuate. Meli aipate yeye, na mama yangu awe wake pia!

"Mama yako akirudi kutoka Unguja, mwambie akusuke yeye," nilimwambia.

Mkono wa mama ulisita. Saida hakulia. Alinitazama kama anayemweleza mdogo wake, ingawa tulikuwa wa umri mmoja.

"Mama hayuko Unguja," alisema. "Wamemzika."

Mama hakunigombeza. Alisogea, akanipa nafasi mkekani. "Njoo unishikie chanuo, mwanangu."

Nilikaa nalo mpaka nywele zikaisha kusukwa. Aibu nilikuwa nayo, lakini nikiri: kila mama alipomgusa Saida shingoni, bado nilitamani shingo ile iwe yangu.