Pikapu Iliyofundishwa Kukata Kona

Walimwita Mwalimu Kona, na jina hilo halikuanza kama sifa. Lilianzia kwenye uwanja wa majaribio ya udereva, ambako wanafunzi wake walikuwa wakiangusha pipa lilelile kwenye kona ileile, mmoja baada ya mwingine, hadi waliokuja kutazama wakawa wanahesabu kwa sauti.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tatu, mfupi, mwenye sauti ambayo haikupanda hata pale mwanafunzi alipolielekeza gari mtaroni. Alifundisha udereva kwa miaka kumi na tatu katika shule ya watu. Shule ilipofungwa, akaichukua pikapu kuukuu iliyobaki uani iwe ndiyo kiinua mgongo chake, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: MWANAFUNZI YUMO, TUVUMILIANE. Tangu hapo, miaka sita, alikuwa akijitegemea.

Injini ya pikapu ile haikuwa na neno. Shida ilikuwa kona. Ukizungusha usukani, kwanza haikujibu, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini. Halafu ikaitika yote kwa mpigo mmoja, ikalala ubavu, mkia ukaenda arijojo. Mwalimu mwenyewe alikwisha kuizoea. Alijua kuanza kukata kona kabla kona haijafika. Lakini utamfundishaje mtu kukata kona ambayo bado haipo?

Aliyemtia uchungu hasa ni mkunga wa zahanati, mwanamke wa miaka hamsini na minane aliyetaka leseni ili awafikie wajawazito bila kusubiri lifti. Alikuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano, wala hakukosa somo hata mara moja. Akafanya jaribio, akashindwa. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu alipoliangusha pipa, alishuka, akalisimamisha kwa mikono yake, akapangusa vumbi kwenye gauni.

"Mikono hii imepokea watoto siku zote hizi," alimwambia Mwalimu, "na haijaangusha hata mmoja. Basi labda wakati wangu umepita, mdogo wangu. Nisikupotezee siku zako."

Mwalimu alichomoa ufunguo wa pikapu. Alikwenda moja kwa moja kwa mkaguzi, mwanaume mrefu aliyetembea na faili kwapani, akamwomba wanafunzi wake watahiniwe kwa gari jingine. Mkaguzi hata hakufungua faili.

"Mchagua jembe si mkulima, Mwalimu."

"Kweli, bwana mkaguzi. Ila mpini ukilegea, mkulima hukaza."

Jioni hiyohiyo aliipeleka pikapu kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa na gereji nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Vumbi la unga lilitua juu ya kila kitu pale, kuanzia spana hadi kope za fundi.

"Shemeji," fundi alisema, "gari la zamani ni kama mzee. Humwambii mzee akimbie."

"Sikukuambia likimbie. Nimekuambia ligeuke."

Fundi akaongeza jani moja la springi kila upande wa nyuma, ili gari lisilale. Asubuhi Mwalimu alipoijaribu, pikapu iliruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba, na kwenye kona mkia ulichapa vibaya kuliko zamani. Fundi alicheka hadi akaketi juu ya tairi.

"Ulitaka isilale. Si unaona, haina hata lepe la usingizi."

Mwalimu naye alicheka, kidogo tu, kisha akaagiza majani yale yatolewe. Akaamua kuifanyia pikapu kile alichowafanyia wanafunzi wakaidi: aache kubahatisha, atazame kosa linaanzia wapi. Aliomba ndoo sita za maji, akazimwaga kwenye sakafu ya saruji mbele ya mashine, akapita polepole juu ya ule umajimaji huku akikata kona. Akashuka, akainama, akasoma alama za matairi. Za nyuma zilikwenda kwa mpangilio. Za mbele zilikuwa zimepakaza sakafu, kama mguu wa mtu anayeburutwa asikotaka kwenda.

"Shemeji, njoo usome hapa. Tumetibu mkia na maumivu yapo kichwani."

Wakainyanyua mbele kwa jeki, wakatoa magurudumu. Kadiri mikono ilivyoingia ndani ndivyo maradhi yalivyoongezeka. Bushi za mpira zilikuwa zimekwisha, chuma kinacheza juu ya chuma. Shokabu zilikuwa zimelia mafuta yote. Na kile chuma kirefu kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia, ambacho kazi yake ni kulizuia gari lisilale kwenye kona, kilishikiliwa upande mmoja tu. Upande wa pili kiungo chake hakikuwapo. Kilikuwa kimefungwa kwa waya.

"Nani huyu aliyefunga waya?" Mwalimu aliuliza.

Fundi aliutazama waya ule. Akajikuna shingo, unga ukamwangukia begani.

"Mimi, shemeji."

"Lini?"

"Mwaka ule ulipoichukua. Kiungo kilikatika, kingine hakikupatikana. Nikasema nifunge waya, siku moja mbili."

Mashine ilikuwa ikinguruma upande wa pili wa ukuta. Mwalimu alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Miaka sita. Unajua ni wangapi walioshuka kwenye kiti hiki wakilia?"

Fundi aliukata waya ule kwa koleo. Kesho yake alifunga gereji, akaenda kwenye uwanja wa magari mabovu, akarudi mikono mitupu. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Siku ya tatu alikuja na kiungo cha gari la abiria lililopinduka, kinene kupita kiasi, akakipeleka kwa mchonga vyuma kipunguzwe. Wakaweka bushi mpya na shokabu mpya. Wakatafuta matairi manne ya aina moja, maana yale ya awali yalikuwa kila moja na kabila lake. Magurudumu ya mbele waliyanyoosha kwa uzi na futi ya fundi cherehani. Mwalimu akafunga mifuko miwili ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, kwa sababu pikapu tupu ni nyepesi mkiani. Kila walipobadilisha kitu kimoja alimwaga maji, akapita, akaandika daftarini, ndipo wakagusa kingine.

Siku ya kumi na moja akaipeleka uwanjani. Kama kawaida yake, alikata kona kabla ya kona. Pikapu ikamtii papo hapo, ikaingia ndani, ikaangusha pipa. Mwalimu alibaki ameshika usukani, mabega yakimtikisika. Fundi alikuja mbio akidhani analia. Alikuwa akicheka hadi machozi.

Siku ya jaribio mkunga alikuja kwa sababu tu Mwalimu alimfuata nyumbani mara mbili. Alivuta kiti mbele, akarekebisha kioo, akaondoka. Akapita kati ya pipa la kwanza na la pili, la tatu, la nne, usukani ukienda na kurudi mikononi mwake bila pupa. Alipoikaribia kona ile, waliozoea kuhesabu walifungua midomo. Pikapu iligeuka imesimama wima, ikatoka upande wa pili, na pipa halikutikiswa hata na upepo wake. Midomo ikafungwa bila kuhesabu kitu.

Wanafunzi saba wa Mwalimu waliingia siku hiyo, na wote saba walifaulu. Mkaguzi alipotia sahihi ya mwisho, aliweka faili juu ya pipa, akaomba ufunguo. Alizunguka uwanja mara moja, akarudi, akazunguka tena. Aliposhuka alipiga boneti kwa kiganja.

"Umeikaza, Mwalimu."

"Tumeikaza," alisema, akimwonyesha fundi kwa kidevu.

Mkunga alikuwa ameshika karatasi yake kwa mikono miwili, akiisoma na kuirudia. Kisha akamkumbatia Mwalimu, akamnyanyua kabisa kutoka ardhini, maana alikuwa mwenye nguvu, na viatu vya Mwalimu vikabaki chini.

Jumatatu asubuhi foleni ya kujiandikisha ilifika hadi mtaroni. Mwalimu aliandika majina bila kuinua kichwa, hadi alipofikia mkono wenye unga kwenye kucha, umeshika picha mbili ndogo.

"Shemeji, kwani wewe huna leseni?"

"Nani angeniuliza? Magari ninayoendesha mimi huwa mabovu, yanavutwa."

Mwalimu akaandika jina lake, akampa ufunguo.

"Panda. Anza na kiti, kisha kioo. Usiguse kitu kingine mpaka nikuambie."