Kitoweo cha Msiba

Neno "msiba" nililifuta mimi mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, na nililifuta kwa hasira. Naliweka hilo wazi mapema asije mtu akanionea huruma.

Mimi ni katibu wa kamati ya wavuvi wa mwalo wetu, hapa mitumbwi inapotua, upande wa Michenga. Walinichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu sioni haya kumwambia mtu mzima kwamba anadanganya. Kazi yetu ni kuwalinda samaki wakati wa masika, mto unapofurika mbugani na kambale na perege wanapokwenda kutaga kwenye majani. Miezi hiyo nyavu zote hupandishwa darini. Anayeruhusiwa ni mtu wa ndoana tu, na mgawo wake ni samaki wanne kwa kaya kwa siku, wa kitoweo, si wa kuuza. Ukikutwa na zaidi, wote wanachukuliwa na kufukiwa shimoni. Tunawafukia kwa sababu kamati iliyotutangulia ilikuwa inawala, na kijiji kizima kilijua siku hizo kwa harufu ya samaki wa kukaangwa.

Mwanzoni kanuni iliacha mlango mmoja: nyumba yenye msiba haikubanwa na mgawo. Huku kwetu mvuvi akifa, wenzake huingia mtoni kuwavulia waombolezaji. Ni heshima yake ya mwisho, na mjane huona hapo jinsi mumewe alivyopendwa. Basi masika ya kwanza watu wa mwalo wetu walikufa sana. Kila wiki msiba. Kuna jamaa alifiwa na shangazi yuleyule mara mbili, mara ya kwanza Mlimba, mara ya pili Mahenge, na samaki wa waombolezaji wake wakaonekana sokoni Ifakara. Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Kwenye kikao nikachukua kalamu nikafuta. Mwenyekiti akauliza, "Na ukitokea msiba wa kweli?" Nikamjibu kwamba hakuna mwombolezaji aliyewahi kufa kwa kula maharage. Kikao kizima kiliangua kicheko, nami nikajiona mjanja.

Masika yaliyofuata akafa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu, mimi na yeye. Wazazi walipofariki nilimlea, nikamsomesha nilivyoweza, nikasimamia harusi yake. Mumewe alikuwa mvuvi wa siku zote, mtu mpole, wa kwanza kupandisha nyavu zake darini miezi ya kufunga uvuvi ilipofika. Wengine walimfuata kwa kuona aibu. Aliugua siku chache, akapelekwa hospitali Ifakara, akarudishwa amefunikwa shuka.

Asubuhi ya maziko nilikuwa uani kwa mdogo wangu napepeta mchele. Mjumbe mwenzangu wa kamati akaja kuniita pembeni, akaniambia kuna mitumbwi imetua. Nikashuka mwaloni na kanga yangu ya msiba kiunoni. Wavuvi watano, rafiki zake marehemu, walikuwa wamesimama kando ya matenga mawili yaliyojaa samaki. Nyavu zilikuwa bado zinachuruzika maji. Hawakuficha kitu.

"Katibu, hawa si wa kuuza," alisema mkubwa wao. "Ni wa shemeji yako. Hatuwezi kumzika mikono mitupu."

Hatua chache kutoka hapo alikuwa anafua mama mmoja ambaye wiki iliyotangulia nilimnyang'anya samaki saba. Ana watoto sita, na mume hajulikani alipo. Siku ile alilia, nami nikamwambia kanuni ni kanuni. Sasa aliacha kufua, akanyoosha mgongo, akanitazama.

Ningeweza kuwapitisha. Jambo hili nimelifikiria mara nyingi kuliko ninavyosali. Lakini kama ningewapitisha, yule mama angekuwa na haki ya kunitemea mate, na kesho yake nyavu zote zingeshuka darini. Nikasema, "Mwageni chini." Mkubwa wao alidhani hakunisikia vizuri. Ikabidi nirudie.

Tulichimba shimo juu ya ukingo, mimi na mjumbe. Baadhi ya kambale walikuwa bado hai, wanajipindua kwenye udongo. Tukawamwagia majivu ili mbwa wasije wakafukua. Kutoka upande wa makaburini nilisikia majembe mengine nayo yanachimba.

Waombolezaji walikula wali na maharage. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililoniumiza, maana lilionyesha kwamba habari imeshafika kila mahali. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake. Nilipoinama kumpa maji ya kunywa, alisema taratibu, "Amewalisha watu wa mwalo huu mzima. Leo ndiyo siku yake, na watu wamekula maharage." Kisha akageukia ukutani. Nilikumbuka nilivyowachekesha watu kikaoni, nikatamani ardhi ipasuke.

Kiangazi tulipofungua uvuvi, samaki walikuwa wakubwa kweli. Wachuuzi walikuja na pikipiki kutoka Viwanja Sitini, kule Ifakara, wakanipa mkono, wakasema kamati hii ina watu. Niliwachukia wale samaki. Mpaka leo sijui kama nilikosea siku ile mwaloni. Kikaoni nilikosea, hilo nalijua.

Mwezi huohuo mdogo wangu alikuja ofisini. Hakuwa amekanyaga kwangu tangu maziko, na kila nilipokwenda kwake niliambiwa ametoka. Alikuwa ameuza mtumbwi wa mumewe, akataka leseni ifutwe, kwa sababu anahamia Uchindile kutafuta kibarua kwenye mashamba ya miti. Moyo ulinidunda kwa furaha nilipomwona. Nikasimama, nikamvutia kiti. Hakukaa.

Tangu alipojua kusema, ananiamkia "shikamoo dada". Siku hiyo aliweka leseni mezani, akarudi hatua moja nyuma, akafumbata mikono.

"Shikamoo, katibu," alisema, kwa adabu kabisa.

Nikaitikia marahaba, nikaanza kumtafutia fomu.